Koki ya jeni ndani ya muhogo

Msomaji wa Eastleigh Section 3 anauliza: je, muhogo uliobadilishwa jeni una virusi vinavyoweza kumwambukiza mlaji?

Hofu hiyo haikutoka hewani. Muhogo wa KALRO unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioidhinishwa nchini Juni 2021, umetiwa vipande vya DNA vya virusi vya mimea. Baadhi huufunza mmea kuvitambua virusi vya ugonjwa huo na kuviharibu. Kipande kingine huitwa promota. Hukaa mbele ya jeni kama koki ya maji, kikiamua ifanye kazi wapi na kwa nguvu gani. Kipande kama hicho hakiwezi kuzaa virusi. Hata virusi vizima vya mimea, ambavyo watu wamevila miaka mingi ndani ya kabichi, havimwambukizi binadamu.

Wataalamu huchaguaje promota? Fundi wa bomba akilinganisha koki mbili huzifunga kwenye bomba lilelile, kisha hutazama ndoo inavyojaa. Maabara nayo hutumia plasmidi, yaani duara dogo la DNA. Kila promota huwekwa katika plasmidi ya namna moja, mbele ya jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga, kisha plasmidi huingizwa katika majani.

Lakini plasmidi haziingii kwa kiasi sawa katika kila jani, kama vile tangi la ghorofani halijai sawa kila siku. Kwa hiyo plasmidi hubeba pia jeni ya pili ya mwanga, yenye promota isiyobadilishwa, iwe kipimo. Tuseme promota ya kwanza imetoa mwanga 600 na kipimo chake 300: jibu ni 2. Ya pili imetoa 400, kipimo 100: jibu ni 4. Ya pili ndiyo yenye nguvu, ingawa mwanga wake ulionekana hafifu.

Hata hivyo, jani si mzizi. Promota ya patatini, iliyotoka kwa kiazi, hufanya kazi zaidi katika kiazi chenyewe. Ugonjwa wa michirizi hushambulia majani, shina na mizizi, ndiyo sababu ilitakiwa promota inayofanya kazi mmea mzima.

Kuhusu chungu chako, muhogo huu una sianidi ya asili kama mwingine wowote. Umenye, uuchemshe hadi uive kabisa, na maji yake uyamwage.