SOMO LA LEO: Usihesabu mauzo ya siku ya tukio peke yake, hesabu na namba ulizorudi nazo

Mimi nauza asali na karanga za kukaanga hapa Tabora, oda nyingi napokea WhatsApp. Somo la leo nililipia kwa pesa ya kikoba, nyie lichukueni bure.

Mara ya kwanza kushiriki maonyesho nilijiona nimefika. Nilikopa, nikalipia banda 80,000, bango 45,000, usafiri 20,000, chakula cha siku zote 40,000. Jumla 185,000. Asali iliyotoka ilinigharimu 130,000. Mauzo yakawa 210,000. Piga hesabu mwenyewe: hasara 105,000, na marejesho ya kikoba yananisubiri. Kilichoniuma zaidi, watu walionja, wakasifia, wakaondoka. Sikubaki na namba ya hata mmoja.

Mji wetu huu ulikuzwa na misafara. Karne ya 19, misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Biashara kubwa ya njia ile ilikuwa pembe za ndovu na, kwa aibu kubwa, watu. Lakini wapagazi walihitaji kula, na mkulima mwenye nafaka alipata wateja bila kufika pwani. Watu wakikusanyika, mahitaji yanakusanyika nao. Tatizo ni kwamba msafara mwishowe huondoka. Mimi niliuza kama mtu ambaye hatawaona tena, wakati nina simu mkononi!

Mara ya pili nikaenda bonanza la mpira la mtaani. Meza niliazima kwa jirani. Nilichangia maji ya wachezaji 10,000, vijiko na vikombe vya kuonjea 8,000. Nikauza 64,000, mzigo wenyewe ulikuwa wa 38,000. Faida 8,000 tu. Lakini nilirudi na namba 41. Ndani ya mwezi mmoja, watu 17 kati ya hao waliagiza, na sita wakarudia. Hapo ndipo biashara ilipoanza kulipa.

Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Chagua tukio la wateja wako. Kabla ya kulipia chochote jiulize, wanaokuja wanaishi wapi? Ukiuza vyakula, bonanza, mahafali ya shule au sherehe ya mtaani inaweza kukufaa kuliko maonyesho makubwa, maana bodaboda inawafikia kwa bei ndogo.

2. Changia kitu kinachoonekana. Maji ya wachezaji, zawadi ndogo ya mshindi, au kusaidia kupanga viti. Mwenyekiti wa mtaa akikutaja kwenye kipaza sauti mara moja, ni tangazo tosha.

3. Beba vipimo vidogo. Mtu aliyekuja kuangalia mpira hana bajeti ya lita nzima. Chupa ndogo ndiyo inayomfungulia mlango. Bei iandike kwa maandishi makubwa, na lipa namba iwe pale pale mezani.

4. Jibu wasiwasi uso kwa uso. Mtandaoni naulizwa kila siku: "Mbona asali yako imeganda, umeweka sukari?" Asali halisi huganda, ni tabia yake. Mezani naweka chupa iliyoganda ndani ya maji ya uvuguvugu, watu wanaiona inalainika taratibu. Maelezo niliyoandika mara mia yanaeleweka kwa dakika chache. Wewe unayeuza nguo, waache washike kitambaa. Unayeuza mafuta, waache wanuse.

5. Omba namba kwa ruhusa. Nina daftari: jina, namba, alichopenda. Namwambia wazi kwamba nitamtumia ujumbe mzigo mpya ukifika. Usimuingize mtu kwenye grupu bila kumuuliza, utamkimbiza.

6. Tuma ujumbe ndani ya siku mbili. Mfupi tu: "Habari, ni yule wa asali pale kwenye bonanza. Asante kwa kuonja." Mkumbushe mlipokutana, usianze na bei.

7. Fanya hesabu mara mbili. Jioni ile hesabu pesa. Baada ya siku 30 hesabu waliorudi. Ukigawa gharama ya tukio kwa idadi ya waliorudi, unajua mteja mmoja amekugharimu shilingi ngapi. Mimi bonanza lile ni 18,000 kwa watu 17, yaani kama 1,060 kila mmoja.

Sisemi muache maonyesho makubwa. Nane Nane ya kanda yetu hapa Ipuli inakusanya watu wengi. Ila kama banda ni ghali, ungana na wenzako wawili watatu, au ulizia mapema ofisi ya SIDO na halmashauri kama kuna banda la pamoja la wajasiriamali. Na usikope kwa ajili ya banda kabla hujafanya jaribio dogo mtaani kwako.

Kikoba nilimaliza kulipa. Daftari bado ninalo, na ndilo mtaji wangu mkubwa kuliko bango.

Haya, mwezi huu kuna tukio gani mtaani kwako? Litaje hapa, tukusaidie kupanga meza.