Karani wa Benki na Kalamu Yake

Tumeulizwa na vijana kadhaa waliomaliza masomo yao: Je, yafaa Muislamu kuajiriwa na mojawapo ya benki hizi zilizoenea Afrika ya Mashariki? Suali hili ni zito, kwani nyuma yake pana wazee wanaongojea chakula na wadogo wanaongojea ada ya skuli.

Kwanza na tuijue kazi yenyewe, kwani wanazuoni wetu husema kuhukumu jambo ni tawi la kulijua. Keshia hufika kabla ya mlango kufunguliwa. Khazina haifunguliwi na mtu mmoja, bali wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Fedha hukabidhiwa kwa sahihi, na jioni zilizo mkononi sharti zilingane na zilizo daftarini. Zisipolingana, huenda Magharibi ikaadhiniwa naye angali akihesabu. Hata likizo hulazimishwa kuichukua, ili mwengine akae mezani pake na lililofichwa lidhihirike. Na mjomba wake akimuuliza barazani, "Huyu anayetuposea ana kiasi gani benki?" hana ruhusa ya kumjibu. (Laiti baraza zetu zingalijifunza nusu ya amana hii!)

Lakini benki hiyo hiyo hukopesha kwa riba. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) amewajumuisha katika laana mlaji riba, mwenye kuilisha, muandishi wake na mashahidi wake wawili. Muandishi! Naye mali si yake, wala faida haimfikii ila mshahara. Kwa ajili hiyo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (aliyefariki 1999) alizikataza kazi za benki za riba. Sheikh Yusuf al-Qaradhawi (aliyefariki 2022) aliona kuwa si kila kazi ya benki ni riba, akamrukhusu mwenye haja. Sisi twaona kuwa anayepokea na kurudisha amana za watu si sawa na anayeandika mkataba wa riba; na mbaya zaidi ni aliyepangiwa idadi ya mikopo ya kutoa kila mwezi, akawa ndiye anayewashawishi watu kuingia katika deni. Huyu hatumuonei udhuru ila wa dharura, na huku anatafuta kazi nyengine.

Wako wasemao: "Basi nenda benki ya Kiislamu, yaishe." Kenya zilianza mbili mwaka 2008: Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa ni Premier Bank. Lakini jua, ndugu yangu, kuwa murabaha ina mpango wake. Benki hulinunua gari kwanza, ikalimiliki, hata likiungua kabla ya kuuzwa hasara ni yake. Ndipo humuuzia mteja kwa faida inayojulikana, isiyoongezeka akichelewa kulipa. Karatasi hizo zi mkononi mwa karani. Akizitia sahihi zote kwa pamoja, na gari halijanunuliwa, ati mteja asikawie, ameandika riba kwa jina la biashara, na ubao wa Kiislamu mlangoni hautamfaa kitu.

Basi kijana aitwaye kwa mahojiano na aulize: nitaketi meza gani, na nitaandika nini? Na aliye ndani tayari, akiona tarehe ya kuuza imetangulia tarehe ya kununua, airudishe karatasi kwa mkubwa wake, hata kama mteja amesimama dirishani.