Asidi Iingie Majini, Maji Yasiingie Kwenye Asidi

Malalamiko ya wanafunzi kuungua maabarani yamezidi, na chanzo kinajirudia: mtu alikuwa anazimua asidi, akaimwagia maji. Wengi wa kidato cha tatu na cha nne wanaamini maji hayana madhara popote yamwagwapo, na kwamba kuzimua ni kuchanganya tu, kama mtu anavyopunguza utamu wa juisi. Sivyo hata kidogo.

Asidi ya salfuriki iliyokolea, ile ya asilimia 98, ikikutana na maji hutoa joto jingi. Sentimita moja ya ujazo wake ina gramu 1.84, karibu mara mbili ya maji. Kwa hiyo maji uliyoyamimina yanabaki juu, yanachemka palepale yalipogusana na asidi, na mvuke unakurushia matone ya asidi usoni. Anza na maji kwenye bika, kisha tia asidi kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti cha kioo: asidi itazama, na joto litasambaa katika maji mengi. Tunarudia: maji kwanza, asidi baadaye. Bika likipata moto, acha, lipoe. Miwani ya kinga isivuliwe.

Kosa la pili ni kudhani asidi dhaifu haiunguzi. Udhaifu huo maana yake ni molekuli chache tu kutoa ioni za hidrojeni majini. Kiasi cha maji yaliyomo ni habari nyingine. Asidi ya ethanoiki ni dhaifu. Ndani ya siki, kwa kama asilimia 5, tunaila kwenye kachumbari. Ikiwa haina maji, inachoma ngozi. Ya hidrofloriki nayo ni dhaifu, na hupenya ngozi hadi mfupani.

Asidi ikikumwagikia, usikimbilie magadi eti uiue. Asidi na besi zikimenyuka hutoa joto, nalo linazidisha jeraha. Vua nguo iliyolowa, weka kidonda chini ya bomba dakika 20, kisha nenda hospitali.

Masharti ya nani afungue kabati la kemikali yako kwa mkuu wa shule. Kwa kifupi, mwanafunzi peke yake haruhusiwi. Wakaguzi wamehimiza shule zibandike onyo la maji kwanza, asidi baadaye, kwenye mlango wa maabara, ila karatasi haimzuii asiyeisoma. Mwalimu, kabla ya kugawa chupa, kila mwanafunzi akutajie kwa mdomo wake kipi kinatangulia. Akisita, asiguse chupa.