Mlango wa mtumishi haufungwi, lakini jiko ni la nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mke wa mwinjilisti. Kanisa lilitutuma Molo kutoka Vihiga miaka sita iliyopita, tukapewa nyumba ya misheni yenye vyumba vitatu. Mume wangu ni mtu mwema na anapendwa. Shida yangu ni wageni.

Unajua Molo haiko mbali na Mau Summit, pale barabara ya kutoka Nakuru inapogawanyika, moja ikishika njia ya Kericho na Kisumu, nyingine ya Eldoret. Kila mtumishi wa Mungu anayepita hapo hukumbuka kwamba Molo kuna nyumba ya misheni. Hupiga simu akiwa ameshafika Salgaa, wakati mwingine hapigi kabisa. Wanafunzi wa chuo cha Biblia huja mazoezini, waimbaji huja, wazee wa kanda huja kwa kikao cha saa mbili wakalala siku mbili. Mwaka jana tuliletewa wageni wawili wa ng'ambo, wakakaa miezi mitatu. Watu wazuri, ila walitaka maji ya moto asubuhi na jioni, na kwetu maji huchemshwa kwa kuni. Tangu Januari yupo pia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuja kutafuta kazi. Sijamwona akitoka kuitafuta.

Watoto wetu hulala sebuleni. Msichana wangu yuko Gredi ya 8 na anafanyia kazi ya shule jikoni, kwa sababu huko ndiko kuna taa na joto. Posho ya mume wangu ikichelewa hakuna wa kuulizwa, na sukari inanunuliwa kwa pesa zangu za mayai. Nikilalamika naambiwa, "Mlango wa mtumishi haufungwi."

Wiki mbili zilizopita nilimwona mzee mmoja wa kanisa akishuka pikipiki langoni. Nilikuwa na unga wa jioni moja tu. Nikajifungia chumbani, nikamwambia mwanangu wa miaka tisa aseme nimeenda sokoni. Kisha nikakohoa. Mzee alisikia. Alikunywa chai ya rangi aliyowekewa na mtoto, akaomba, akaenda zake. Jioni mtoto akaniuliza ni nani kati yetu wawili atakayetubu. Tangu hapo siwezi kuongoza maombi ya akina mama. Je, nimepoteza wito? Niende kwa mama yangu nipumzike, au nivumilie?

Mama wa Nyumba ya Misheni, Molo

Marahaba, mwanangu.

Wito hujaupoteza. Uliishiwa na unga. Hayo ni mambo mawili, na makanisani tumezoea kuyachanganya kwa sababu kuomba kwa ajili ya wito ni bure, lakini unga hununuliwa.

Nianze na mtoto. Mwite, mwambie kwamba wa kutubu ulikuwa wewe na umeshatubu, kwa kuwa yeye alifanya alichoagizwa. Siku nyingine ukichoka aseme, "Mama amepumzika, ataamka saa kumi." Hakuna mgeni mstaarabu atakayedhurika kwa maneno hayo. Kisha mpigie yule mzee simu. Usizunguke, mwambie unga ulikuwa umebaki kidogo ukaona aibu. Mtu aliyesikia kikohozi akanyamaza, akanywa chai isiyo na maziwa katika mji uliojaa ng'ombe wa maziwa, tayari ameelewa nyumba hiyo inaishije. Utamhitaji. Suala hili litakapofika kwenye kamati ya kanisa, na litafika, ndiye shahidi wako wa kwanza.

Sasa twende jikoni. Nimeisoma barua yako nikaona umewafunga wageni wote katika furushi moja. Wafungue. Yule anayekwama njiani usiku ni mgeni wa Mungu, na huyo sitakuambia umpangie ratiba. Watu wa Molo hawahitaji mahubiri juu ya hilo. Katika mapigano ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia zilizochomewa nyumba zilikimbilia nyua za makanisa zikiwa na nguo za mwilini tu. Ila kumbuka pia jinsi mzigo ule ulivyobebwa. Hakuna aliyetazamia kwamba umati wote utalishwa na mke wa mchungaji. Msalaba Mwekundu ulileta chakula, makanisa yakatoa uwanja, waumini wakatoa walichonacho. Ukarimu mkubwa wa mji wako umefanywa na wengi, tena hadharani.

Mzee wa kanda aliyekuja kikaoni ni mgeni wa namna nyingine. Huyo ni mgeni wa kanisa. Alikuja kwa kazi ya kanisa, kwa barua ya kanisa, na pengine nauli yake imeandikwa kwenye hesabu za kanisa. Chakula chake hakikuandikwa popote. Maana yake ni kwamba kwa miaka sita kanisa limekuwa likichukua mchango kutoka kwenye mayai yako bila kukukatia risiti. Usiuite uvumilivu.

Mume wako anajua Matendo ya Mitume kuliko mimi, kwa hiyo mkumbushe sura ya 6 kwa upole. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakumwambia mtu yeyote avumilie kwa ajili ya Injili. Walikiri kwamba wao hawawezi kuhubiri na kuhudumia meza kwa pamoja, wakaitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kushika kazi hiyo, Stefano na Filipo wakiwemo. Wote saba wanaume. (Sura hii haihubiriwi sana. Inayohubiriwa ni ile ya Martha na Mariamu, na mara nyingi na mhubiri aliyetoka kushibishwa na Martha.)

Yupo na mwanamke wa Shunemu, katika Wafalme wa Pili sura ya 4, ambaye akina mama wa nyumba za misheni huambiwa wamwige. Mwige basi, lakini mwige yote. Yule mama alikuwa tajiri. Kabla ya kumweka Elisha nyumbani alizungumza kwanza na mumewe. Kisha wakamjengea nabii chumba chake kidogo juu, wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Hakuna mtoto aliyetolewa kitandani.

Chumba hicho ndicho ningekitaka kanisani kwenu. Mbao zinapasuliwa hapo Elburgon, mabati si ya kuagiza Mombasa, na makanisa yetu yanajua kuitisha harambee hata kwa ajili ya spika. Chumba kimoja nyuma ya kanisa chenye vitanda viwili, blanketi nzito, na ufunguo unaokaa kwa mweka hazina, kitamrudishia binti yako kitanda na meza ya kusomea kabla hajafika Gredi ya 9. Hilo la binti lisemwe kwanza katika kikao, maana wazee wanaoweza kupuuza uchovu wa mama hushtuka wakisikia mtihani wa mtoto.

Na mtu asikutishe kwamba kulipisha wageni ni ulimwengu umeingia kanisani. Africa Inland Mission ina nyumba ya wageni ya Mayfield hapo Nairobi, imelaza wamisionari kwa malipo miaka na miaka. Waanglikana nao wana yao, ACK Guest House, na askofu akilala hapo bili inatoka. Ndiyo maana wale wawili wa ng'ambo hawakupaswa kuwa fumbo. Mtu aliyepanda ndege hadi Nairobi amepanga bajeti ya malazi. Asipokulipa si kwamba ana moyo mgumu. Huenda aliyemleta alimwambia kila kitu kimetayarishwa, naye akaona vibaya kuuliza. Wakija wengine, kanisa liwaandikie kabla hawajafunga mizigo: chakula kiasi hiki kwa wiki, kuni kiasi hiki. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa Malindi hugharimu chakula na chandarua. Mgeni wako hugharimu pia moto, blanketi na maji ya kuoga, na Julai gharama hiyo inakuwa maradufu.

Historia yenyewe ya umisheni kwetu ilianza kwa mmisionari kuwa mgeni. Johann Ludwig Krapf alipofika pwani yetu mwaka 1844, Sayyid Said wa Zanzibar alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na baadaye wazee wa Rabai wakamkaribisha kwao. Watu wanalikumbuka jina la Krapf. La mkewe, Rosine, aliyefariki Mombasa Julai mwaka huohuo muda mfupi baada ya kujifungua, si wengi walijuao. Nataja hilo kwa sababu umeniuliza kama uvumilie. Wake wa wamisionari wamevumilia tangu mwanzo, na kuvumilia kwao hakujawahi kuongeza kilo moja ya sukari.

Mume wako simwoni kama adui. Mwinjilisti wa posho huishi kwa hofu ambayo huenda hajawahi kukusimulia. Akimkatalia mzee wa kanda kitanda, anaogopa habari itafika makao makuu kabla ya mzee mwenyewe. Kwa hiyo anafungua mlango, halafu wewe unalipa. Bei haijui, kwa sababu umemficha. Umeongeza maji kwenye maziwa, umejinyima nyama, umekopa kwa jirani, naye kila jioni anakuta sahani imejaa. Ningekuwa yeye ningeamini nyumba ina baraka.

Nunua daftari la shilingi chache. Mwezi mzima andika nani amekuja, ametumwa na nani, amelala siku ngapi, sukari, unga, maziwa, kuni, na pesa zimetoka mfuko upi. Usiongeze maoni. Mwezi ukiisha, usimkabili Jumamosi usiku akiandaa mahubiri, wala mgeni akiwa sebuleni. Ngoja Jumatatu anapopumzika, umwekee daftari mezani, unyamaze mpaka alimalize. Akisema mlango wa mtumishi haufungwi, mkubalie. Kisha muulize jiko ni la nani. Kama ni la kanisa, kanisa lilete unga. Kama ni lenu wawili, basi ajue kuwasha moto. Mchungaji anayemchemshia mgeni chai hapungukiwi na heshima yoyote ninayoijua, na mzee wa kanda atakayemwona na sufuria mkononi siku nyingine atapiga simu kabla ya kuja.

Daftari hilohilo aende nalo kwenye kamati yeye mwenyewe, asikutume wewe. Aombe fungu la wageni katika bajeti ya mwaka hata kama ni dogo, na zamu za akina mama, ili kikao kikiwa kwenu, mmoja alete viazi, mwingine maziwa, mwingine aje kuosha vyombo. Waumini wengi wako tayari. Wamekaa tu kwa sababu kila wakija wanakuta wewe umeshapika, unatabasamu.

Kwa mama yako nenda, lakini uende kama mtu anayekwenda likizo, tarehe ya kuondoka na ya kurudi zikijulikana, watoto wakibaki na baba yao. Ukitoroka na mkoba usiku, habari itakayosalia kijijini ni ya mkoba. Sikushauri uchague wiki ya kikao cha kanda. Sikukatazi pia.

Maombi ya akina mama yaongoze wiki hii hii. Kama unaona ulimi mzito, waambie kilichotokea siku ile ya pikipiki. Nusu yao wamewahi kujificha chumbani, na huenda fungu la wageni likaanzia hapo kabla hata kamati haijaketi.

Amebaki shemeji. Huyo si mgeni wa kanisa wala wa barabara, na kumwondoa si kazi yako. Ukimgusa wewe, utasimuliwa Vihiga hadi mazishi ya watu usiowajua. Aseme naye kaka yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakristo wa mwanzo nao, katika kijitabu chao cha mafundisho kiitwacho Didache, waliweka kipimo kinachokaribia hicho: mpita njia asaidiwe siku mbili au tatu, anayetaka kukaa afanye kazi ndipo ale. Kwa mtume anayesafiri walikuwa wakali zaidi: siku moja, au mbili kukiwa na haja, na akikaa ya tatu walimhesabu nabii wa uongo. Shemeji yako yuko tangu Januari. Hapo Molo jembe si la methali. Kuna viazi vya kupalilia na kuchimba, kuna kuni za kupasua, na nyumba yenu inakula kuni kwa wingi. Kaka yake ampe kazi ya nyumba kuanzia Jumatatu hiyohiyo ya daftari, pamoja na mwezi wa mwisho wa kutafuta kazi nje. Akiona haimfai, magari ya Kisumu yanapita Mau Summit mchana kutwa, na nauli itoke mfukoni mwa kaka yake, mayai yasiguswe.

Shangazi