TUUJUE MGUU WETU: MISULI, MISHIPA YA FAHAMU NA NJIA ZA DAMU



Wapenzi wanafunzi, pamoja na wazazi na walezi wetu, katika ukurasa huu wa somo la afya tumeona tuzungumzie kiungo ambacho kila siku tunakitegemea lakini ni wachache tunaokijua vizuri, nacho ni mguu. Mguu ndio unaotuleta madrasa, unaotupeleka sokoni na msikitini. Ndio tunaosimamia katika swala na ndio tunaoukunja tunapokaa. Pamoja na hayo, wengi wetu huanza kuufikiria siku unapouma.

Wapo watu wanaopoteza mguu, na wengine hata maisha, kwa mambo ambayo yangezuilika laiti wao au jamaa zao wangeyajua mapema. Kwa hiyo tutaanza na umbile la mguu, kisha tutaangalia namna ya kuuchunga.

1. NENO "MSHIPA" LISITUCHANGANYE

Katika Kiswahili chetu neno "mshipa" linabeba mambo mengi. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na mtu mwenye ngiri naye huambiwa ana mshipa. Mgonjwa akisema "mshipa wa mguu unanivuta", hatujui ni kipi kinachomsumbua. Katika somo hili tutatumia maneno kama ifuatavyo:

(a) Msuli: nyama inayovuta mfupa ili kiungo kitembee.
(b) Ukano: kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa.
(c) Mshipa wa fahamu (neva): uzi unaopeleka amri ya ubongo kwenye msuli na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso.
(d) Ateri: mshipa unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini.
(e) Vena: mshipa unaorudisha damu moyoni.

2. MIFUPA NA MISULI

Kila mguu, kuanzia paja hadi vidoleni, una mifupa 30: mmoja wa paja, mmoja wa pia ya goti, miwili kati ya goti na kifundo, na 26 chini ya hapo. Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini.

Mifupa haiwezi kujiendesha yenyewe. Inavutwa na misuli, na kanuni ya msuli ni moja: msuli huvuta, hausukumi. Ndiyo maana kila upande una misuli yake. Ule wa mbele ukivuta goti linanyooka, na ule wa nyuma ukivuta goti linakunjika.

Misuli mikubwa ya mguu ni hii:

(a) Msuli mkuu wa kalio. Ndio mkubwa kuliko misuli yote ya mwili. Unatunyanyua tunapopanda ngazi na tunapoinuka kutoka chini.
(b) Misuli minne ya mbele ya paja. Inaungana na kupita juu ya pia ya goti. Kazi yake ni kunyoosha goti.
(c) Misuli mitatu ya nyuma ya paja. Inakunja goti. Wachezaji wa mpira huumia mara nyingi hapa wanapotimka mbio bila kupasha mwili moto.
(d) Misuli ya ndani ya paja. Inaleta mapaja pamoja.
(e) Msuli wa fundi cherehani. Huu unatoka nyongani, unakatiza paja kwa mshazari na kuishia upande wa ndani chini ya goti. Ndio msuli mrefu kuliko yote mwilini. Jina lake la kitaalamu linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya fundi wa nguo, kwa kuwa mafundi wa zamani walikaa chini wakikunja miguu. Sisi tunaokaa mkekani na kukunja miguu namna hiyo tunautumia kila siku.
(f) Misuli ya shavu la mguu. Hapa kuna misuli miwili mikubwa, na yote inaishia kwenye ukano wa kisigino, ambao ni mnene kuliko kano zote mwilini. Ndiyo inayotuinua tunaposimama kwa ncha za vidole.
(g) Misuli ya mbele ya muundi. Inanyanyua wayo ili vidole visiburure tunapotembea.

Ili tusisahau, tuangalie rakaa moja. Tunaporukuu, misuli ya nyuma ya paja inanyooshwa, na ndiyo maana asiye na mazoezi huhisi kuvutwa nyuma ya magoti. Tunapokaa juu ya mguu wa kushoto na kuusimamisha wa kulia, misuli ya mbele ya paja inanyooshwa. Tunapoinuka kwenda rakaa ya pili, msuli wa kalio na ile minne ya mbele ya paja inafanya kazi kwa pamoja. Mzee ambaye misuli hiyo imedhoofika ndiye tunayemwona akishika ukuta ili ainuke.

3. MISHIPA YA FAHAMU

Mishipa ya fahamu ya mguu inatoka katika uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni na chini yake. Mikubwa ni mitatu:

(a) Mshipa wa mbele ya paja, unaoamrisha ile misuli minne inayonyoosha goti.
(b) Mshipa wa ndani ya paja, unaoamrisha misuli inayoleta mapaja pamoja.
(c) Mshipa wa siatiki. Huu ndio mnene kuliko yote mwilini. Upana wake mwanzoni unafika kama sentimita 2. Unapita ndani ya kalio, unashuka nyuma ya paja, na kwa kawaida karibu na goti unagawanyika mara mbili. Tawi moja linakwenda kwenye shavu la mguu na nyayo. Tawi la pili linazunguka upande wa nje chini kidogo ya goti, kisha linakwenda mbele ya muundi.

Kutokana na safari hii tunaelewa mambo mawili. Kwanza, mtu anaweza kuumwa mguu na tatizo likawa kiunoni, kwa sababu mzizi wa mshipa umebanwa huko. Pili, lile tawi linalozunguka nje ya goti liko karibu sana na ngozi na limelala juu ya mfupa. Likibanwa kwa muda mrefu, kwa mfano na hogo lililokaza, wayo unaweza kulegea na kuning'inia.

4. NJIA ZA DAMU

Damu inaingia mguuni kwa ateri kubwa inayopita kwenye kinena. Inashuka ndani ya paja, inapita nyuma ya goti, halafu inagawanyika kwenda mbele na nyuma ya mguu mpaka vidoleni. Tunaweza kuigusa. Weka vidole viwili juu ya mguu, katikati, usawa wa nafasi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Bonyeza taratibu na utahisi mapigo. Jaribu pia nyuma ya kifundo cha ndani. Usipoyapata usiogope, kwani hata kwa baadhi ya watu wazima wa afya mapigo ya juu ya mguu hayapatikani kwa urahisi.

Kurudi ndiko kugumu, kwa sababu damu inapanda mlima kutoka kisiginoni hadi moyoni. Kwa hiyo ndani ya vena kuna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu inazikamua vena na damu inapanda. Ndiyo maana wataalamu huliita shavu la mguu "moyo wa pili". Anayekaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza bila kujinyoosha, au katika ndege ya safari ya Hija, pampu yake hiyo imesimama, na damu inaweza kuganda ndani ya vena.

Vena ndefu kuliko zote mwilini inaanzia upande wa ndani wa mguu, inapita mbele ya kifundo cha ndani na kupanda mpaka kwenye kinena. Jina linalotumiwa na madaktari wa dunia nzima kwa vena hii linahusishwa na neno la Kiarabu "safin", lililotumika katika vitabu vya tiba vya Waislamu, kikiwemo Al-Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Basi tusidhani kuwa elimu hii ni ngeni kwetu.

5. KWA NINI MGUU UNAKUFA GANZI?

Wanafunzi wengi hutuuliza swali hili baada ya kukaa mkekani kwa muda mrefu. Jibu ni kwamba uzito wa mwili umeubana mshipa wa fahamu pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. Habari hazipiti, na mguu unakuwa kama si wako. Ukiuachia, habari zinaanza kurudi kwa fujo, na hapo ndipo unahisi kuchomwachomwa kama sindano. Ganzi hii haina madhara. La kuzingatia ni kutoinuka kwa haraka, maana mguu usiohisi unaweza kuteguka.

Lakini kuna ganzi isiyopita, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Tutaieleza hapa chini.

6. MAMBO MANNE YA KUCHUNGA NYUMBANI

Kwanza, sindano ya kalio. Kwa kuwa mshipa wa siatiki unapita ndani ya kalio, sindano ikichomwa mahali pasipo pake inaweza kuuumiza, na mtoto akabaki na wayo unaoning'inia. Kwa watoto wachanga sindano za chanjo huchomwa pajani, upande wa mbele kwa nje, mbali na mshipa huo. Wazazi tusikubali mtoto achomwe sindano na mtu asiye na taaluma, hata akiwa jirani yetu.

Pili, kuumwa na nyoka. Wengi huumwa miguuni, na desturi ya watu wengi ni kuufunga mguu kwa kamba kwa nguvu. Tumeona kuwa damu yote ya mguu inategemea ateri. Kamba ikikaza, damu haifiki na mguu unaweza kufa. Tusifunge kamba, tusichanje kwa wembe. Mgonjwa atulizwe, mguu usitikiswe, na apelekwe hospitali haraka.

Tatu, shavu la mguu lililovimba. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, hasa baada ya safari ndefu, kulazwa au kujifungua, usichuliwe kwa mafuta. Huenda ni damu iliyoganda, na kipande chake kikichomoka kinaweza kwenda kuziba mapafuni. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, na hili ndilo kubwa, kisukari. Sukari ikiwa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na inayoanza kuathirika ni ile inayofika mbali zaidi, yaani ya vidole vya miguu. Wakati huo huo ateri zinakuwa nyembamba. Matokeo yake, babu anakanyaga msumari na hausikii, au bibi anaungua na maji ya moto bila kujua. Kidonda hakiumi, kwa hiyo hakishughulikiwi. Damu haifiki vizuri, kwa hiyo hakiponi. Wengi waliokatwa mguu walianza na kidonda kidogo kuliko punje ya hindi.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi:

(a) Mgonjwa wa kisukari akague miguu yake kila siku, pamoja na nyayo na kati ya vidole. Asiyeweza kuinama akaguliwe na kijana wake.
(b) Asitembee pekupeku, na akung'ute viatu kabla ya kuvaa.
(c) Apime joto la maji kwa kiwiko cha mkono, asipime kwa mguu.
(d) Asikate sugu kwa wembe.
(e) Kidonda chochote, hata kisichouma, akionyeshe kwa daktari mapema.

Hapa udhu ni msaada mkubwa. Tunaosha miguu mpaka vifundoni na kupitisha vidole kati ya vidole mara kadhaa kwa siku. Basi mgonjwa wetu aitumie nafasi hiyo kuangalia kama kuna mpasuko, wekundu au malengelenge, kisha akaushe kati ya vidole kwa kitambaa safi, maana unyevu huleta fangasi na fangasi hufungua mlango wa vidonda.

7. HITIMISHO

Tumejifunza kuwa msuli hauwezi kitu bila amri ya mshipa wa fahamu, na vyote viwili haviishi bila damu. Kikikatika kimoja, mguu mzima umekwisha. Mguu ni amana, na amana huchungwa kabla haijapotea.

KAZI YA NYUMBANI

1. Taja misuli miwili inayofanya kazi tunapoinuka kutoka kikao.
2. Eleza kwa nini sindano haichomwi popote kwenye kalio.
3. Kwa nini damu hairudi chini tunaposimama?
4. Muombe ruhusa babu, bibi au mzazi mwenye kisukari, umkague miguu yake leo jioni. Ukiona kidonda, usinyamaze.