Karbidi ya Wolframi Badala ya Platini: Ya Kufanya na ya Kuepuka

Mwaka 1973 Levy na Boudart walitangaza katika jarida la Science kwamba karbidi ya wolframi hutenda kama platini katika baadhi ya michakato ya kemia. Tangu hapo watafiti wameitazama kama njia ya kupunguza platini katika seli za mafuta. Njia hiyo ipo, ila uzembe wa maabara huiharibu. Ukitaka kufanya kazi hii, shika haya.

Usitumie platini kama elektrodi ya kukamilisha mzunguko. Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Kipimo kinahitaji elektrodi tatu: yenye sampuli, ya rejea, na ya kupitisha mkondo. Ikiwa hiyo ya tatu ni waya wa platini ndani ya asidi, huyeyuka kidogo kidogo, na chembe zake huvuka na kutua juu ya karbidi yako. Grafu inapanda kila unaporudia kipimo, nawe unashangilia karbidi, kumbe unapima platini. Tumia fimbo ya grafiti, na uitenge kwa utando. Kichocheo kinachozidi kuwa bora kadiri kinavyotumika kishuku kwanza: chunguza uso wake, utafute platini, ndipo uandike neno lolote. Vyombo vilivyowahi kuwekwa platini navyo visafishe kwa asidi, au tenga vingine.

Usiipeleke karbidi kathodi. Najua kwa nini watu hushawishika: mchakato wa oksijeni ni wa polepole, na huko ndiko platini nyingi inakoishia. Lakini katika asidi, kwa volti za kathodi, karbidi ya wolframi hugeuka oksidi na nguvu yake hupotea. Iweke anodi, kwenye hidrojeni. Hata huko, ikiwa peke yake, iko nyuma sana ya platini, na ni lazima useme hivyo waziwazi.

Ijaribu kama msingi wa platini. Mwaka 2010 kundi la Jingguang Chen, Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, lilionyesha kwamba tabaka la platini lenye unene wa atomu moja juu ya karbidi ya wolframi huzalisha hidrojeni karibu sawa na platini tupu. Matumaini yangu makubwa yako hapa.

Usiharakishe tanuri. Ili kupata karbidi, oksidi ya wolframi huchomwa katika hidrojeni na methani, kwa kawaida kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi. Moto ukizidi, chembe hushikamana na eneo la uso hupungua. Methani ikizidi, kaboni tupu hufunika uso wote. Hakikisha kwa eksirei kwamba umepata WC, yaani karbidi tunayoizungumzia. W2C ni kitu kingine.

Usitoe unga mpya wa karbidi moja kwa moja hewani. Unaweza kuwaka. Uache upoe kabisa, kisha upitishie gesi tulivu yenye oksijeni kama asilimia 1 kwa saa kadhaa. Kagua mabomba kabla ya kuwasha tanuri, maana hidrojeni hushika moto ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Ukipima uvumilivu wa kichocheo kwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua, king'ora kiwe kinafanya kazi na usiwe peke yako. Sitaki kusikia kwamba mwanafunzi alibaki maabara usiku akimalizia kipimo.

Uliza wolframi imetoka wapi. Huchimbwa Rwanda na mashariki mwa Kongo pia, na sheria ya Marekani ya 2010 iliiweka pamoja na bati, tantalamu na dhahabu miongoni mwa madini ambayo kampuni zilizo katika soko la hisa lazima zieleze asili yake. Unafuu wa bei haukuondolei wajibu wa kujua nani alichimba, na katika hali gani. Mwandikie muuzaji, na usinunue kabla hajajibu.

Usitangaze ushindi kwa kipimo cha chupani. Tengeneza seli kamili, iendeshe kwa mamia ya saa, iwashe na kuizima mara nyingi, kwa kuwa volti za anodi hupanda hasa wakati huo. Kisha chapisha grafu yote, pamoja na sehemu ilipoanguka.