Xbox Iliyokatikiwa na Umeme Ikiflashiwa Bado Ina Uhai

Leo nimechagua barua moja tu, kwa sababu imenigusa na najua jambo lake linawahusu wengi wenu mnaojifunza ufundi nyumbani bila mwalimu.

Mdogo wangu mmoja wa Tanga alikuwa anaflashi Xbox ya kaka yake, ile ya kwanza kabisa, nyeusi na nzito, iliyoanza kuuzwa Marekani Novemba 2001. Kazi haijaisha, umeme ukakatika. Tangu siku hiyo mashine inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mara ya tatu inabaki ikipepesa taa nyekundu na kijani, na kwenye TV hakuna picha. Kaka yuko Muscat na atarudi hivi karibuni. Jirani ameshauri iuzwe vipuri. Kijana anauliza: "Dada, nifanye nini kabla kaka hajafika?"

Usiiuze. Na usimpe mtu yeyote anayetaka kuanza kwa kubadilisha vitu kwa kubahatisha.

Kwanza tuelewane kilichotokea. Ndani ya Xbox kuna chipu inayoitwa TSOP, iliyolehemiwa kwenye bodi. Humo ndimo inamokaa BIOS, programu ya kwanza kusomwa mashine inapowashwa. Ukiflashi unafuta ya zamani na kuandika mpya, na umeme ukikatika katikati TSOP inabaki na maandishi nusu. Mashine inajaribu kuyasoma, inashindwa, inajaribu tena, na baada ya jaribio la tatu inawasha zile taa mbili. Prosesa ni nzima, diski ni nzima, michezo ya kaka iliyohifadhiwa humo iko salama. Kilichoharibika ni maandishi, na maandishi huandikwa upya.

Sasa utaniuliza: nitaandikaje upya ilhali mashine haiwaki? Hapa ndipo ninapowapenda wahandisi wa zamani. Xbox ina mlango wa pili. Kwenye bodi kuna kundi la matundu linaloitwa LPC, na mashine imepangwa hivi: ikishindwa kabisa kuisoma TSOP, itaitafuta BIOS kwenye LPC. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya kiwandani, ili bodi ambayo TSOP yake ni tupu au mbovu iweze kuamshwa na kupimwa. Kwa hiyo mdogo wangu, unachotaka kufanya ndicho hasa njia hiyo ilichowekewa. Watu wa modichipu, yaani chipu za ziada za kuipa mashine BIOS nyingine, walikuja kuitumia baadaye, hasa baada ya Andrew Huang, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT, kuonyesha mwaka 2002 jinsi ulinzi wa mashine hii ulivyofanya kazi.

Modichipu ya kutengeneza nyumbani si jambo geni. Zamani watu walinunua chipu ya SST49LF020 yenye nafasi ya kilobaiti 256, wakailehemia nyaya chache hadi kwenye LPC, basi. Tatizo lake ni kwamba chipu hiyo lazima iandikwe kwanza kwa kifaa maalumu, na wengi hatuna. Ndiyo maana leo nakushauri utumie Raspberry Pi Pico, kifaa kidogo kilichotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 4. Kuna mradi wa wazi unaoitwa ModXo unaokigeuza kuwa modichipu ya Xbox. Unabonyeza kitufe chake cha BOOTSEL, unakichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kinaonekana kama flashi ya kawaida, unaburuta faili ndani yake. Fuata mchoro wao wa nyaya na rezista jinsi ulivyo, usipunguze kitu kwa kuona kinaweza kukosekana. Na Xbox ikiwa imewashwa, usiichomeke Pico kwenye kompyuta, maana umeme wake inaupata tayari kutoka kwenye LPC.

Kabla ya kulehemu chochote, chomoa waya wa umeme na uiache mashine itulie. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu pawasaplai ya Xbox iko wazi mle ndani, haina boksi la kuifunika, na umeme wa ukutani unapita juu ya bodi yake. Usiiguse. Na wale mliotumiwa Xbox na ndugu walio Marekani, angalieni kibandiko cha chini: za kule zina pawasaplai ya volti 110, na ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma ya kupunguza, utakuwa na tatizo kubwa kuliko la kuflashi.

Skrubu sita za nje zimefichwa chini ya miguu ya mpira na vibandiko. Ni za aina ya Torx namba 20. Za ndani, zinazoshika diski na sehemu ya DVD, ni namba 10. Ukishafungua, kabla ya LPC, tafuta kapasita ya saa. Kwenye matoleo ya mwanzo kapasita hiyo huvuja ikizeeka, na maji yake hula njia za shaba kwenye bodi. Ing'oe, safisha kwa spiriti, kagua njia zilizo karibu nayo kwa multimita. Utakachokosa ni saa tu, itajisahau ukichomoa mashine. Hatua hii usiiruke hata kidogo, kwa kuwa njia iliyoliwa inaweza kuleta taa hizohizo nyekundu na kijani, nawe ukahangaika na chipu ambayo haina kosa.

Jambo jingine la kuhakikisha ni toleo la mashine. Kuanzia 1.0 hadi 1.5 zina TSOP, na maelezo yangu yote yanazihusu hizo. Toleo la 1.6 halina TSOP ya kuandikwa, na baadhi ya njia za LPC zimeondolewa, kwa hiyo kazi yake ni nyingine kabisa.

Haya, Pico iko tayari na nyaya zimekaa. Kuna sehemu moja ndogo kwenye bodi inayoitwa D0, ni njia ya kwanza ya data ya TSOP. Iunganishe na graundi kwa waya mmoja, ikiwezekana wenye swichi. Kwa kufanya hivyo unaifanya mashine isiweze kuyasoma yale maandishi mabovu, hivyo igeukie LPC. Washa. Ukiona picha kwenye TV, kaa kitako, kunywa maji, usiguse kitu kwanza.

Wengi huharibu hapa, kwa furaha. Mashine imewaka, wanakimbilia kuflashi tena. La hasha. Kazi ya kwanza ni kunakili yaliyomo kwenye EEPROM, chipu nyingine ndogo ya kumbukumbu, na kuyaweka kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili. Ni baiti 256 tu, lakini ndani yake mna ufunguo wa diski. Diski ya Xbox imefungwa kwa ufunguo huo, na ukipotea, vilivyomo vinapotea navyo. Ukishanakili, ndipo uondoe D0 kwenye graundi huku mashine ikiwa bado inawaka, ili maandishi mapya yaende kwenye TSOP. Kumbuka ukubwa: TSOP ya matoleo 1.0 na 1.1 ina megabaiti 1, ya 1.2 hadi 1.5 ina kilobaiti 256. Faili la BIOS lisizidi nafasi, na lilinganishwe na orodha ya matoleo linayoyakubali. Na safari hii azima UPS. Kuflashi kwa umeme wa kukatikakatika bila UPS ndiko kulikokufikisha hapa.

Kama hujawahi kulehemu, chukua redio mbovu au bodi ya king'amuzi cha zamani ufanyie mazoezi mpaka mkono uzoee. Njia za shaba za bodi hii ni nyembamba, ukizichoma sana zinabanduka. Na ukiona mkono hautulii, mpelekee fundi wa simu unayemwamini, ukiwa na mchoro mkononi, umweleze unataka nyaya tu. Mafundi wetu wana mikono mizuri sana. Wanachokosa mara nyingi ni maelezo sahihi kutoka kwa mteja.

Kuhusu kaka. Mpigie leo, kabla hujafungua skrubu hata moja. Mwambie umeflashi, umeme umekatika, mashine haiwaki, na hii ndiyo njia unayotaka kuitumia. Ni mali yake, ana haki ya kukubali au kukataa. Usisubiri itengenezeke ndipo useme. Na akikubali, muulize pia toleo gani la BIOS alikuwa nalo mwanzo, maana huenda yeye ndiye aliyelibadilisha zamani.

Ukimaliza, niandikie namba ya toleo na ulichokiona kwenye kapasita. Nawe mwenye Xbox ya kwanza ya toleo la mwanzo kabatini, hata kama inawaka vizuri, ifungue mwezi huu uitoe kapasita hiyo kabla haijavuja.